Gari Lililolewa Mundika

Ndugu zangu mafundi wa Malaba,

Leo nimepatikana. Sina namna nyingine ya kuanza. Nimepatikana mchana kweupe, sokoni Amukura, siku ya soko, nikiwa nimelala chali chini ya gari, suruali imelowa, na mama mkwe wangu amesimama hatua mbili kutoka kwenye miguu yangu.

Nawaandikia jioni hii hii, kabla matope hayajanitoka masikioni, kwa sababu kesho asubuhi Etyang, dereva wa Mzee Shabani, anakuja huko kwenu stesheni kuchukua saruji. Atawasimulia. Najua atawasimulia, maana njia nzima ya kurudi alikuwa akifanya mazoezi. Basi nimeona heri mlisikie kwangu kwanza. Angalau mimi nitajihurumia kidogo.

Gari lenyewe mnalijua. Ni lile kuukuu la Mzee Shabani, lenye turubai nyuma, linalovuta kwa magurudumu yote manne, na rangi ya kijani imebaki milangoni tu. Mkulima mmoja mzungu alilichosha kwanza, kisha akaliuza. Mzee Shabani ana duka la vitambaa hapa Busia, ng'ambo ya gereji yangu, lakini moyo wake uko kwenye usafirishaji. Tangu tupate Uhuru kila kilima kinataka zahanati yake na kila kijiji darasa lake, na hakuna anayejenga bila maji. Mzee akaona kazi hapo. Akaundisha tangi la bati, pana kama kitanda cha watu wawili, akalifunga nyuma ya gari kwa boliti nne.

Kazi ya kila siku ni moja. Etyang anajaza tangi mtoni Sio. Anashusha nusu kwenye shule inayojengwa Mundika. Nusu iliyobaki anaipandisha zahanati ya Amukura. (Shikeni hapo penye nusu. Mimi sikupashika.)

Ugonjwa wa gari ulikuwa kuyumba. Kona ndogo tu, gari linalala upande mzima. Ukinyoosha, linalala upande wa pili. Na haliachi.

"Fundi," Etyang aliniambia siku ya kwanza, wiki tatu zilizopita, "hii gari inaenda hivi, inarudi hivi, na mimi nimenyoosha stelingi kitambo. Inaendelea yenyewe tu. Kama iko na mambo yake."

Nikacheka. Mnakijua kibao changu, kile nilichopigiwa rangi mwaka jana: WANDERA, DAKTARI WA MAGARI. Na mnaijua sheria yangu ya kwanza, ambayo nimeiandika mlangoni kwa rangi nyekundu: GARI HALIINGII NA MZIGO. Kila mwenye gari namweleza sababu bila kuulizwa. Daktari hampimi mgonjwa akiwa amevaa koti, namwambia. Mtu aondoe mzigo kwanza ndipo nione chuma chenyewe kinasemaje.

Basi tukafungua boliti nne, tukashusha tangi, nikaanza kazi. Nilipima kwa kijiti kutoka ardhini hadi kwenye madigadi. Upande wa kushoto ulikuwa chini kwa vidole viwili. Springi imechoka, nikasema, na kweli ilikuwa imechoka. Nikaifungua, nikabadilisha chuma kimoja, nikairudisha. Nikalizungusha gari kiwanjani, kona za haraka kulia na kushoto. Halikuyumba hata kidogo. Nikamrudishia Etyang tangi lake na gari lake nikiwa napiga mluzi.

Siku iliyofuata akarudi. "Fundi, bado."

Tangi chini. Safari hii nikachora mstari wa chaki penye bushi za springi, nikaliegemea gari kwa bega, nikaona mstari umeachana. Bushi zimelika. Nikakata mpya kutoka kwenye mpira wa tairi, nikazitia, nikajaribu kiwanjani. Gari zima. Tangi juu.

"Fundi, bado."

Tangi chini. Nikakandamiza kila pembe ya gari kwa uzito wangu wote, nikaachia, nikahesabu. Mnajua tulivyofundishwa: likicheza mara moja likatulia, shokabzoba ni nzima, likicheza mara tatu, tupa. Moja ya nyuma ilicheza mara nne. Nikaitupa. Nikatia nyingine, nikajaribu kiwanjani, gari likatulia kama maji mtungini. (Nilisema hivyo hivyo kwa mdomo wangu, mbele ya watu. Nikikumbuka najisikia vibaya.)

"Fundi," Etyang akasema alipokuja mara ya nne, amevua kofia, "mimi naona haya kukusumbua. Lakini bado. Na imeshika tabia moja. Inaanza ikitoka Mundika."

Hapo ndipo nilipoweka spana chini nikatumia akili, na hapo ndipo mambo yalipoharibika. Nikawaza hivi. Kutoka Busia mpaka mtoni, gari zima. Mtoni mpaka Mundika, zito lakini zima. Mundika mpaka Amukura, limelewa. Amukura kurudi nyumbani, zima tena. Sasa Mundika kuna nini? Nyinyi mnajua Mundika kuna nini. Nyuma ya ile shule, chini ya miti, kuna mama anayepika pombe ya busaa, na kuanzia saa nne asubuhi wanaume wameshauzunguka mtungi na mirija yao mirefu.

Nikamwendea Mzee Shabani dukani. Nilimkuta anakunja kitambaa. Nikamwambia, "Mzee, gari halina ugonjwa. Mgonjwa ni dereva."

Mzee Shabani hajawahi kuonja pombe tangu azaliwe. Hata duka la jirani lilipoanza kuuza bia alihamisha kiti chake upande wa pili wa baraza ili asiitazame. Aliacha kukunja kitambaa. "Etyang nimekuwa naye miaka tisa, Wandera," akasema. "Una hakika?"

"Nina hakika, Mzee."

Nilisema hivyo bila kupepesa macho. Nilikuwa na hakika kama mtu aliyeona, na sikuwa nimeona chochote.

Jana jioni Mzee akatuita wote wawili. Etyang alisikiliza mpaka mwisho. Hakupandisha sauti.

"Mzee, mimi hapana kunywa nikiwa kazi," akasema. "Jumapili baada ya misa, ndiyo, sikatai, mimi ni Mteso. Lakini kazini, hapana. Niko na watoto sita. Nitaendesha maji ya watu nikiwa nimelewa, kwa nini?"

Mzee Shabani akatutazama mmoja mmoja. "Kesho tutakwenda sote," akasema. "Wandera ataendesha. Mimi nitakaa katikati. Gari lisipoyumba, wallahi, Etyang, utanipa funguo na tutaagana. Likiyumba, Wandera, kile kibao chako cha udaktari utakishusha kwa mkono wako."

Nikasema sawa. Nililala vizuri, kwa kweli.

Asubuhi nikavaa shati safi la kaki, kama mtu anayekwenda kutoa ushahidi. Etyang alikuja na chakula chake kimefungwa kwa kitambaa kama kila siku, akakaa upande wa mlango. Alikuwa anazigusa funguo mfukoni hata baada ya kunipa mimi zile za gari, ingawa alizobaki nazo zilikuwa za nyumba yake tu. Leo jioni hii namwona vile alivyokaa. Asubuhi sikumwona kabisa.

Mtoni tukajaza tangi mpaka pomoni. Mundika tukashusha nusu. Muda wote nilimlinda Etyang nisimwache hata aende kujisaidia peke yake. Halafu, kabla hatujaondoka, nikafanya jambo ambalo sitalisema mara mbili. Nikamwomba Mzee Shabani amnuse mdomo. (Ndiyo. Mtu mzima, baba wa watoto sita, mbele ya waashi.) Etyang akafungua mdomo. Mzee akainama, akanusa, akasimama.

"Ananuka uji," akasema.

"Vizuri," nikasema mimi, hakimu mkuu. "Sasa mtaona gari linavyoendeshwa."

Nikaingia kwenye usukani. Tukatoka Mundika. Hata nyumba ya tano hatujaipita, ikaja kona moja ndogo ya kushoto, kona ambayo hata baiskeli haiiogopi. Nikakata. Gari likalala kulia. Nikanyoosha. Likalala kushoto. Nikashika usukani kwa mikono miwili nisiuzungushe tena, nao kweli haukucheza, barabara iko mbele yetu imenyooka, na gari linaenda hivi, linarudi hivi, lenyewe tu, lina mambo yake.

Kofia ya Mzee Shabani ikamwangukia Etyang mapajani. Etyang akaiokota, akaipangusa, akamrudishia.

"Fundi," akasema kwa upole sana, "labda ni barabara?"

"Ni barabara," nikasema.

"Barabara imenyooka," akasema Mzee Shabani.

Nikapunguza mwendo, likayumba polepole. Nikaongeza mwendo nikidhani litatulia, likayumba kwa haraka. Akina mama waliokuwa wanapalilia kando wakainuka kututazama. Mzee mmoja mwenye baiskeli alituona tungali mbali, akashuka, akaibeba baiskeli yake nzima mpaka ndani ya shamba la muhogo, akatusubiri huko tupite. Tulipompita akatikisa kichwa na kumtazama dereva. Dereva, ndugu zangu, alikuwa mimi.

Jasho lilikuwa linanitoka. Nilijua tayari kwamba kibao kimekwenda. Lakini lililoniumiza halikuwa kibao. Ni kwamba kila gari lilipolala upande, lilikuwa linasema Etyang alikuwa mkweli, na yeye alikuwa amekaa pale pale.

Tukaingia Amukura hivyo hivyo, siku ya soko. Ng'ombe watatu wakavuka mbele yangu. Nikakanyaga breki.

Mimi nilisimama, gari likasimama. Maji hayakusimama. Yalikuja mbele yote kwa pamoja, yakagonga bati kama ngoma, yakafungua kifuniko, yakapita chini ya turubai upande wangu na kunimwagikia shingoni, mgongoni, mapajani. Gari likapinda, likateremka mtaroni taratibu kama linakwenda kupumzika, na gurudumu la mbele likasimama shubiri moja kutoka kwa mitungi ya wauza vyungu. Hakuna chungu kilichovunjika. Vingevunjika ningeshukuru, kungekuwa na jambo jingine la kutazama.

Nikafungua mlango nikatoka. Nilikuwa nayumba, maana na wewe ungeyumba. Soko zima lilikuwa limegeuka.

"Huyu amelewa," mtu akasema.

"Amelewa mpaka amejikojolea," akasema mwingine.

Nikatazama suruali yangu. Kwa kweli, aliyeona hivyo hakuwa na kosa.

Nilikuwa nafungua mdomo nieleze, ndipo nikamwona. Anakuja kutoka upande wa kisima, mrefu, amenyooka, mtungi kichwani, wala hajaushika. Mama wa mke wangu Amoit. Mama mkwe wangu.

Nyinyi mmeoa, hamna haja ya kuelezwa. Kwetu Wasamia na kwao Wateso hili ni moja. Mwanamume hasimami uso kwa uso na mama mkwe. Hampi mkono, hali mbele yake, na wakikutana njiani mmoja anaingia kichakani mpaka mwenzake apite. Mimi katika miaka sita ya ndoa sijawahi kumkaribia yule mama zaidi ya hatua ishirini. Sasa niambieni. Sokoni hakuna kichaka. Nimelowa, nimeitwa mlevi, na mama yule anakuja moja kwa moja.

Palikuwa na mahali pamoja tu pa kuingia. Nikaingia chini ya gari.

"Naangalia springi!" nikapiga kelele, ili watu wajue.

Kulikuwa na matope, nikalala humo humo. Nilikuwa nimehesabu vizuri kila kitu isipokuwa urefu wangu. Miguu ilibaki nje. Na miguuni nilikuwa na zile akala zangu za mpira wa tairi, zile ambazo Amoit amezitia kamba ya kitambaa chekundu, na kitambaa chenyewe alikipata kwa mama yake. Nikaona nyayo zinakuja. Zikasimama. Zikakaa hapo kwa muda mrefu, zinasoma kamba.

Mtungi ukatuliwa chini. Kisha mama mkwe akaanza kusema, kwa Kiteso, na hakusema na mimi, maana haiwezekani. Alisema na Etyang. Mimi Kiteso nakielewa neno kwa neno. Etyang anajua nakielewa. Lakini desturi ni desturi, akaona heri anitafsirie kila sentensi kwa Kiswahili, kwa sauti ya mnada, ili na wasio Wateso wasikose.

"Mama anauliza," Etyang akatangaza, "huyu mtu wa chini amelewa tangu saa ngapi."

"Mwambie sijalewa."

"Anasema hapana kulewa."

Mama mkwe akafikiri. Akasema tena.

"Mama anauliza, kama si wewe, nani amelewa? Sisi wote tumeona."

"Mwambie ni gari."

Etyang akatafsiri. Soko likacheka mpaka mbuzi wakashtuka. Mimi pale chini nilikuwa natazama springi niliyoitengeneza wiki tatu zilizopita. Kazi safi sana, nawaambia. Haikuwa na kosa lolote.

Basi Mzee Shabani, ambaye ni mtu wa heshima, akashuka na kumweleza yule mama habari yote tangu mwanzo. Springi, bushi, shokabzoba. Linaanza Mundika, linaisha Amukura. Na fundi amesema ni dereva anakunywa. Alipofika hapo mama mkwe akatoa sauti ndogo puani. Etyang hakuitafsiri, lakini niliielewa.

Nyayo zikazunguka kwenda nyuma ya gari. Nikasikia kidole kinagonga tangi. Juu kabisa, ko ko ko, tupu. Katikati, ko ko. Chini, du. Halafu akaanza kusema polepole, na Etyang akaanza kutafsiri, lakini safari hii sauti ya Etyang ilikuwa imebadilika, kama mtu anayefunguliwa kamba.

"Mama anasema hii maji iko nusu. Anasema, huyu wa chini hajaona mtu akibeba maji? Mtungi ikijaa, inakaa. Mtungi ikiwa tupu, inakaa. Mtungi ya nusu inacheza, inakuvuta shingo, inakuangusha. Hata ukisimama wewe, yenyewe bado inatembea. Ndiyo maana watu wanatia majani."

Akaenda kwenye mtungi wake, akachomoa tawi la majani lililokuwa limeelea juu ya maji, akaliinua watu waone, akalirudisha.

"Anasema yeye ametia majani tangu akiwa msichana. Na yeye alimfundisha binti yake hivyo hivyo."

Ndugu zangu. Amoit hupita mlangoni pa gereji yangu kila asubuhi akitoka kisimani. Kila asubuhi, miaka sita. Mtungi kichwani, tawi ndani ya mtungi. Ananisalimu, namsalimu. Siku zote nilidhani yale majani ni ya kuzuia vumbi.

Na mimi ndiye niliyekuwa nashusha tangi kabla ya kupima. Mara tatu niliutoa ugonjwa nje ya mgonjwa, nikauegemeza ukutani, nikampima mgonjwa, nikasema amepona, nikamrudishia ugonjwa wake nikamfungia kwa boliti nne.

Juu huko kazi ilikuwa imeanza. Mama mkwe alilitia lile tawi lake kwenye tangi, akina mama wengine wakakata matawi ya kando ya mtaro, wakayashindilia kwa mdomo wa tangi mpaka likashiba. Etyang akaingia kwenye usukani alitoe gari mtaroni. Akawasha. Hapo ndipo wote wakakumbuka kwamba chini yuko mtu.

"Fundi, toka," akasema Etyang.

"Siwezi. Yuko wapi?"

Akamwendea mama mkwe. Wakasemezana. Akarudi. "Mama anasema watageuka."

Wakageuka. Mama mkwe akajifunika kichwa kwa leso akatazama kilima, na akina mama wote wa soko la Amukura, kwa heshima ya desturi, wakageuka pamoja naye. Safu nzima ya migongo. Na migongo yote ilikuwa inatikisika kwa kicheko. Nikatambaa, nikatoka, nikakimbilia nyuma ya kanzu ya Mzee Shabani nikasimama hapo. Mzee akasogea, kanzu yake ni nyeupe.

Gari likapanda kutoka mtaroni, magurudumu yote manne yakivuta. Mzee Shabani akamkaribisha mama mkwe kwenye kiti cha mbele, apande mpaka zahanati ajionee tiba yake. Akapanda. Wakaondoka. Ile kona ya chini ya kilima, ambayo ni mbaya kweli, Etyang aliikata kwa mwendo. Gari lililala kidogo, likanyooka, likabaki limenyooka. Halikurudi upande wa pili. Soko likapiga makofi. Na mimi nilipiga, siwezi kukataa. Fundi akiona chuma kimetulia hawezi kuzuia mikono.

Mimi singeweza kupanda gari moja na mama mkwe, hata nyuma. Kwa hiyo ilibidi nitembee. Lakini kabla hawajapotea Etyang akatoa kichwa dirishani.

"Mama anasema, huyo wa nyuma alete mtungi!"

Nikageuka. Mtungi wake ulikuwa pale pale, umepungua kidogo tu. Na tawi lake lilikuwa limekwenda na gari.

Nikaubeba begani. Hatua ya kwanza maji yakaja mbele, mimi nikaenda mbele. Nikajivuta nyuma, maji yakaja nyuma. Nikasimama ili yatulie, nimesimama mimi, yenyewe yanatembea. Yakanimwagikia sikioni. Kadiri yalivyopungua ndivyo yalivyozidi kucheza, na yalipofika nusu, nawaapia, sikuweza kufuata mstari. Nilikuwa nakula njia nzima, kulia na kushoto, kupanda kilima cha Amukura. Wakristo wawili wazee waliokuwa wanateremka wakanipisha.

"Bado amelewa," mmoja akamwambia mwenzake kwa huzuni.

Nilifika zahanati na mtungi wenye maji ya kunawia uso. Nikauweka nyuma ya nyumba, mbali, nikamtafuta Etyang. Alikuwa anashusha maji kwa debe, anaondoa majani.

"Etyang," nikasema, "nimekukosea."

Hakuacha kuchota. "Ulifanya Mzee anuse mdomo yangu, Fundi."

"Nilifanya."

"Mbele ya watu."

"Mbele ya watu." Nikaona haya mpaka nikashindwa kumtazama. Ningempotezea mtu kazi ya miaka tisa kwa sababu sikutaka kuona tangi. Nikamwambia hivyo, kwa maneno hayo hayo. Mzee Shabani naye akaja, akavua kofia, akamwomba Etyang msamaha kwa kuamini mdomo wa fundi. Etyang akatuangalia wote wawili, mmoja mkavu, mmoja amelowa.

"Haya," akasema. "Lakini Fundi, fungua mdomo."

Nikafungua. Akainama, akanusa, akasimama.

"Anuka maji," akamwambia Mzee. Ndipo akacheka, na alipoanza hakuacha mpaka Busia.

Neno ni neno. Tulipofika nikaleta ngazi nikapanda kushusha kibao. Nilikuwa nimeshang'oa msumari mmoja nikahisi ngazi imeshikwa. Ni Etyang. Mkononi ana tawi moja lililobaki kwenye tangi.

"Wacha ikae," akasema. "Watu watapata gereji namna gani? Lakini hii ikae pia."

Akanipa tawi. Nikalichomeka nyuma ya kibao, juu ya neno DAKTARI. Liko hapo sasa. Mzee Shabani alilitazama kutoka barazani kwake akasema hukumu imetimia.

Nyumbani habari zilikuwa zimefika kabla yangu. Amoit alikuwa ananisubiri. Amesimama mlangoni na mtungi wake kichwani, na aliponiona akauinamisha kidogo, polepole, ili nione vizuri kilichomo.

Barua hii anaileta Etyang mwenyewe. Ameapa hataifungua, na namwamini, hana haja nayo. Atasimama hapo mkisoma. Tafadhalini msicheke mbele yake, atadhani nimempa ruhusa ya kusimulia.

Ile sheria ya rangi nyekundu mlangoni nimeifuta. Kuanzia kesho gari linaingia kwangu na mzigo wake, na dereva wake aliye mkweli, na ikibidi na mama mkwe wa mtu, mradi asiwe wangu.

Wenu,
Wandera